Ng'ombe Wanavuka Wapi

Ramani niliyoingia nayo vitani ilichorwa kabla sijajua kusoma. Ilikuwa ya skeli ya 1:50,000, kontua za kahawia, mito ya buluu, na vinamasi vimewekewa alama ndogondogo kama vichaka vya majani. Waingereza ndio walioitengeneza, kwa kutumia picha za anga. Miaka ya mwisho ya 1940 hadi mwanzoni mwa 1950, kikosi namba 82 cha jeshi lao la anga kilizunguka Afrika Mashariki na ndege za Lancaster zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, kikipiga picha milima, mito na vijiji vyetu. Hadi leo nawaheshimu wachoraji waliokaa huko Uingereza na kuchora kwa mkono vilima ambavyo hawakuwahi kuvikanyaga. Kazi yao ilikuwa safi. Lakini Idi Amin alipovuka mpaka Oktoba 1978, karatasi zile zilikuwa zinaeleza nchi ya robo karne iliyopita, na sisi tulikuwa tunapeleka watu hai kwenye nchi ya siku ile.

Hilo ndilo lililonitawala miezi yote ya vita, na ndilo linalonifanya niandike sasa, wakati waliokuwa viongozi wetu wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Jenerali David Msuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alifariki Oktoba 2024 akiwa amevuka umri wa miaka 100. Habari za makamanda zimeandikwa, za mizinga zimeandikwa. Za watu wa ramani sijaziona.

Tulikuwa wachache. Kazi yetu katika uhandisi wa medani ilikuwa kupima, kusahihisha ramani, kunakili habari za doria kwenye karatasi ya trasi, na kumweleza kamanda ardhi iliyo mbele yake: mteremko ukoje, udongo unabeba nini, mto una upana gani, gari litazama wapi. Siku hizi kijana anayefanya kazi hiyo ana satelaiti na kompyuta. Sisi tulikuwa na theodolaiti, utepe wa chuma, dira, stereoskopu ya mfukoni ya kutazamia picha mbilimbili, kitabu cha majedwali ya hesabu, na penseli za nta za kuandikia juu ya plastiki.

Mimi ni mtu wa Terrat, kusini mwa Arusha. Nimekulia huko enzi ambazo ungetoka Muriet hadi kwetu usikute ukuta hata mmoja, ni vumbi, migunga na ng'ombe. Mtoto anayechunga Terrat hapotei. Kaskazini yuko Meru, mita 4,566 za mlima zimesimama peke yake. Kaskazini-magharibi iko milima ya Monduli, kusini-magharibi Lolkisale, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro hujitokeza upande wa mashariki. Nilipokuja kufundishwa jeshini namna ya kujua ulipo kwa dira, yaani upime pembe ya vilele vitatu unavyovijua, uchore mistari mitatu kurudi kwako, na inapokutana ndipo umesimama, nilifurahi kuliko wenzangu wote. Tulifanya zoezi hilo upande wa Monduli. Wengine walihangaika na namba. Mimi nilikuwa nikitazama tu milima niliyoijua kwa sura tangu utotoni.

Kagera haikuwa na milima ya namna hiyo. Kulikuwa na migomba. Ukiingia shambani mwa Mhaya huoni mbali, kila upande ni shina la mgomba na majani makubwa yanayofunika mbingu. Ukitoka kwenye migomba unaingia kwenye nyasi ndefu, ukitoka kwenye nyasi unaingia kwenye mafunjo yaliyokuzidi kimo. Upande wa mashariki uko msitu wa Minziro, miti imesimama ndani ya maji. Hakuna kilele cha kukuambia uko wapi. Hapo niliacha kutegemea macho, nikaanza kuhesabu hatua: kila mia moja, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto, huku dira iko mkononi na SMG imepelekwa mgongoni, maana chuma cha bunduki kikikaribia sindano kinaivuta na utakwenda kusiko.

Na chanzo chenyewe cha ugomvi kilikuwa ni mstari wa ramani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kwamba mpaka wao magharibi ya Ziwa Victoria utafuata nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mstari umenyooka, lakini mto Kagera haukunyooka, tena kwa sehemu kubwa unapita kusini ya mstari huo. Kati ya mto na mstari likabaki eneo la karibu kilomita za mraba 1,800, ardhi ya Tanganyika iliyo ng'ambo ya maji. Amin alilivamia eneo hilo na tarehe 1 Novemba 1978 akatangaza kuwa ni lake, kwamba mpaka wa kweli ni mto. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa akasema tunayo sababu ya kumpiga, uwezo na nia. Sisi tulisikia hotuba ile redioni huku tunakunja ramani na kuzipanga kwa namba zake.

Daraja la Kyaka lilivunjwa mwanzoni mwa Novemba hiyo. Ndege za Amin zilijaribu kulipiga zikakosa. Baadaye likalipuliwa kwa baruti zilizotegwa. Bila daraja hilo mizinga, malori na vifaru vyetu visingevuka, na ng'ambo kulikuwa na wananchi wetu. Ikaamuliwa kuweka daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma ambalo Waingereza walilibuni kwenye Vita Kuu ya Pili. Kipande kimoja kina urefu wa futi 10 na uzito wa karibu kilo 260, hubebwa na watu sita. Vipande huunganishwa upande wako wa mto, daraja likasukumwa juu ya magurudumu ya chuma, pua yake ikitangulia hewani hadi iguse ng'ambo. Sasa uliza: vipande vingapi? Ukikosea upana wa mto, pua inaning'inia juu ya maji na watu wako wako wazi mbele ya adui.

Nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kupima. Huwezi kuvuka na utepe, kwa hiyo unapima kutoka upande wako. Tulitambaa kabla jua halijatoka, ukungu ungali umelala juu ya mto. Tulinyoosha utepe wa chuma kando ya ukingo, tukasimika vigingi viwili, tukachagua kitu kimoja ng'ambo ambacho hakisogei: kipande cha nguzo ya daraja lililovunjika. Kutoka kigingi cha kwanza unapima pembe hadi nguzo ile. Kutoka cha pili unapima tena. Ukishajua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe mbili, upana unaupata kwa hesabu. Mikono ilikuwa inanitetemeka kwa baridi ya alfajiri nikaishikilia theodolaiti kwa ncha za vidole tu, maana ukiibana inahama. Kisha tukarudi nyuma ya kilima, mimi nikakokotoa peke yangu na mwenzangu akakokotoa peke yake, kila mmoja na majedwali yake, bila kutazamana. Majibu yalipolingana ndipo tulipopeleka. Daraja liliwekwa usiku, na jeshi likavuka.

Tuliyoyakuta ng'ambo sitayaeleza yote. Nyumba zilikuwa zimeporwa hadi milango, zizi baada ya zizi halina mnyama. Kwa mtu aliyelelewa na ng'ombe, zizi tupu lenye samadi bado mbichi ni kitu kinachoingia moyoni na hakitoki.

Mizinga nayo ilikuwa na mambo yake. Ramani zetu zilikuwa za Kiingereza, vyombo vingi vya kulengea vilikuwa vya Kichina na Kirusi. Mashariki hugawa duara zima katika sehemu 6,000; jeshi la Magharibi hugawa katika 6,400. Robo ya duara kwa mmoja ni 1,500, kwa mwingine ni 1,600. Mpiga mzinga akipewa namba ya chombo kimoja akaiweka kwenye kingine, kwa umbali wa kilomita 10 kombora linaweza kuanguka kilomita nzima pembeni, pengine juu ya wenzako. Kwa hiyo kila karatasi iliyotoka mikononi mwetu tuliandika juu yake, kwa herufi kubwa nyekundu, ni mgawanyo upi uliotumika. Kazi ndogo, lakini niliisimamia kwa ukali hadi vijana wakaniogopa.

Mutukula ilianguka Januari 1979, Masaka tarehe 24 Februari. Mbele ya Masaka barabara ya Kampala inafika mji mdogo wa Lukaya, na kutoka hapo inaingia kwenye vinamasi na kupita juu ya tuta refu, karibu kilomita 25. Huko ndiko Amin aliamua kutuzuia, safari hii akiwa na askari na vifaru vya Libya vilivyoletwa na Gaddafi. Brigedi ya 201 ilifuata barabara. Ya 207 ilitumwa mashariki, kwenye maji. Ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa, ilizungushwa kaskazini-magharibi, na mimi nilikuwa upande huo na bunda langu la ramani.

Siku zile za kuzunguka ndizo zilizonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote. Ramani ilionyesha vijia vya nukta nukta vikikatiza vinamasi. Nilifika kwenye cha kwanza na kukuta hakuna kijia, ni mafunjo yameshikana. Cha pili vilevile. Mwanzoni nilidhani tumepotea, nikarudia kuhesabu tangu kichuguu tulichokitambua. Hatukuwa tumepotea. Kilichohama ni maji. Mvua kubwa za kuanzia 1961 ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache, na mabonde yanayotiririka kwenda ziwani yakatanuka. Picha za Waingereza zilipigwa kabla ya mvua hizo. Ramani ilikuwa ya kweli kwa siku iliyochorwa, na kwa siku ile ingetuzamisha.

Nikaanza kufanya kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote cha jeshi. Kila tulipopita nilitafuta wafugaji. Kule wako Wahima, ng'ombe wao wana pembe ndefu za ajabu, na kijana mmoja Mganda aliyekuwa akitufuata alinitafsiria. Sikuwauliza barabara. Niliuliza ng'ombe wanavuka wapi. Mzee mmoja alinitazama muda, akaona namna nilivyokuwa natazama mifugo yake, akaniuliza na mimi natoka wapi. Nikamwambia kwetu ni wafugaji, chini ya mlima mkubwa mbali huko mashariki. Basi akasimama, akanichukua hadi mahali ambapo ramani ilikuwa imejaza alama za kinamasi tu. Palikuwa na njia ya ng'ombe, pana, imekanyagwa miaka mingi, ngumu chini ya maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu. "Ssebo, ng'ombe hadanganyi," aliniambia. Nilikata fimbo nikaipima njia ile hatua kwa hatua hadi ng'ambo, nikaichora kwa penseli nyekundu. Vivuko vya namna hiyo nilivichora kila nilipovipata, na vile vya ramani vilivyokufa nikavikata kwa msalaba.

Usiku wa tarehe 10 Machi ikaja habari kwamba 201 imepigwa Lukaya na imetawanyika gizani. Sisi tulikuwa kama kilomita 60 kutoka tuta lile. Amri: geuka, kata barabara ya Kampala nyuma ya adui, haraka. Kamanda wangu wa kikosi aliitisha ramani, akaimulika kwa tochi iliyofunikwa kitambaa, akaona ile michoro myekundu.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Nimezitembea, afande."

Hakuuliza la pili. Aliniweka mbele pamoja na kijana wa Kiganda, na kikosi chetu kikafuata njia hizo.

Mwendo wa usiku ule siwezi kuusimulia kama hadithi ya ushujaa, kwa sababu kutoka mbele mtu haoni ushujaa, anaona uso wa dira unaong'aa kijani kidogo na anasikia pumzi za watu mamia nyuma yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Kokoto zikahama mfuko hadi mfuko. Kwenye vivuko nilisimama kando hadi mtu wa mwisho wa kundi langu apite, nikiwagusa mabegani kuwaelekeza wasitoke kwenye njia ya ng'ombe, maana hatua mbili kushoto ni matope yasiyo na mwisho. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ilitokea nyuma ya adui huku 201 iliyojikusanya ikisonga kutoka mbele. Waliokuwa wamekuja kutuzuia wakakimbia. Wanaoijua historia ya vita ile husema Lukaya ndiyo iliyoamua mambo, na mimi nakubaliana nao.

Kutoka hapo kwenda Kampala kuna jambo ambalo watu wengi walilipita bila kulijua. Pale Kayabwe barabara inavuka Ikweta. Kwa askari ni shamba na barabara tu. Kwa mtu wa ramani, ni mahali ambapo hesabu inabadilika: kwenye gridi tuliyotumia, kusini mwa Ikweta umbali wa kaskazini unahesabiwa kutoka milioni kumi kwenda chini, na ukivuka unaanza sifuri. Nilikesha nikipitia namba zote za mizinga za pande mbili za mstari huo. Waganda walitoka majumbani kutushangilia, wanatuita bakombozi, wanatupa ndizi, na mimi nimeinama juu ya boneti ya Land Rover na penseli.

Kuna kazi nyingine tuliyoifanya ambayo haikuwa kwenye amri yoyote rasmi niliyoiona. Wenzetu waliokufa walizikwa walipoangukia, pale ambapo hali haikuruhusu kuwabeba. Nilianza kuandika mahali pa kila mmoja. Namba ya gridi ya tarakimu sita hukufikisha ndani ya mita 100, na mita 100 ndani ya migomba ni sawa na kupotea, kwa hiyo niliandika tarakimu nane, na chini yake nikaongeza hatua kutoka kwenye kitu kisichoondoka: mwamba, mkuyu, kona ya kanisa. Daftari hilo nililikabidhi tuliporudi. Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa wa vita ile, yamepangwa kwa mistari, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mawazo yangu huwa huko. Mtu akifa kwa ajili ya nchi, walau nchi ijue alipolala. Hilo sitalegeza hata nikifikisha miaka ya Msuguri.

Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili. Jeshi lilifika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni, nami nikarudi, nikaendelea na kazi hadi kustaafu, kisha nikajenga Terrat.

Terrat ya leo mtu aliyeondoka zamani hawezi kuitambua. Jiji limeshuka hadi kwetu. Barabara ya mchepuko imekatiza kusini, uwanja wa mpira wa AFCON 2027 umepangiwa Olmoti, na kila wiki kuna mtu anasimika bikoni za saruji kwenye shamba la mtu. Vijana wanakuja na GPS inayotoa jibu la sentimita, na ndege ndogo zisizo na rubani zinazopiga picha mtaa mzima kabla ya chai ya saa nne. Navipenda vyombo hivyo. Tungekuwa na kimoja tu Lukaya, sijui ningelia au ningecheka. Lakini ardhi yetu ni majivu ya volkano yaliyomwagwa na Meru, laini, na maji ya masika yakishuka kutoka mlimani yanaweza kuhamisha korongo. Picha ya Septemba haikuonyeshi hilo.

Juzijuzi mchoro wa viwanja vya upande wetu ulibandikwa ukiwa na barabara inayokatiza korongo mahali ninapopajua. Nilimtafuta kijana aliyepima. Alikuja jioni na vifaa vyake, akasimama kwa adabu, "Shikamoo babu." Nikamwuliza ng'ombe wanavuka wapi. Hakujua, na wala hakujifanya anajua, jambo lililonifurahisha. Kesho yake tulikwenda wote na mjukuu wangu na mifugo, kutoka joshoni hadi ng'ambo, yeye anarekodi, mimi namwonyesha magugu yaliyonasa kwenye migunga kimo cha kifua, alama ya mahali maji yalipofika. Alipiga picha magugu yale, akapima urefu wake kutoka chini. Mchoro mpya umebandikwa ofisi ya mtaa: barabara imesogezwa juu, njia ya mifugo imechorwa na upana wake umeandikwa, na viwanja vitatu vilivyokuwa vimekaa ndani ya mkondo vimefutwa kabla havijapata mnunuzi.